Pipa la Mbolea ya Maji, Nyangwe hadi Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, Agronome, mkuu wa kilimo wa teritware, yaani wilaya, pale Kasongo, hakunipa meza wala kiti. Alinipeleka nyuma ya ofisi, akafunua pipa, akanipa fimbo ndefu. "Koroga," akasema. Harufu ilinitoa machozi. Nilipomaliza akaniambia: "Wenzako wawili walikimbia hapa. Wewe umebaki, basi uko monitere." Monitere ni yule anayefundisha wakulima shambani, na wakati ule wanawake tulikuwa wachache katika kazi hiyo.

Ndani ya pipa hakukuwa na siri. Mavi ya mbuzi tuliyafunga ndani ya gunia, tukaongeza majani mabichi yaliyokatwakatwa, vikalowa majini na kukorogwa kila asubuhi kwa majuma mawili. Povu likiisha, imeiva. Unachota kopo moja, unalichanganya na makopo kumi ya maji safi, kisha unamwagia tomati kwenye udongo karibu na shina, si juu ya majani. Udongo uwe umekwisha kulowa, maana mbolea ikiukuta mkavu inaunguza mizizi.

Hayo niliyajua kwa mdomo tu. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Nyangwe, ambako kikundi cha akina mama kilikuwa na bustani karibu na mto Lualaba: tomati, biringanya na lengalenga, yaani mchicha. Nilitaka waone matokeo haraka, nikachanganya kopo moja na matatu ya maji. Siku ya tatu majani yalijikunja, kingo zake zikawa nyeusi kama zimepitiwa na moto. Mama Sakina, aliyeongoza kikundi, hakupiga kelele. Aling'oa mche mmoja, akauweka mkononi mwangu.

"Monitere, hii ndiyo chakula ya watoto yetu. Sasa tufanye nini?"

"Kosa ni langu," nikasema. "Tutapanda upya, na mimi nitapanda pamoja nanyi."

Nikapanda kinga, yaani baiskeli, mpaka Kasongo, nikamweleza Agronome yote kabla hajayasikia kwa mwingine.

"Miche iko nyuma ya nyumba yangu," akasema. "Chukua yote. Na usirudi mpaka wavune."

Nilikaa Nyangwe mpaka wakavuna. Tangu hapo sikupunguza tena maji.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa Wamaza, teritware ya Kabambare, kwa kikundi kingine cha akina mama. Mvua ilikata barabara, mbolea ya mfuko, ile ya dukani, haikufika msimu mzima. Inspekta wa kilimo wa jimbo alikuja kwa pikipiki, tope hadi magotini, akasimama mbele ya tomati zetu zilizolemea miti ya kuzishikilia.

"Hii mbolea ya mufuko mulitoa wapi, na barabara imekatika?"

Nikamfunulia pipa. Akarudi hatua mbili, akaziba pua, akina mama wakacheka. Lakini alitoa daftari, akaniuliza kila kipimo, hata majivu kidogo tunayotia maua yakitokea, kwa sababu samadi peke yake huleta majani mengi na matunda machache. Kabla ya kuondoka akasema: "Nitakuletea monitere wote wa teritware. Utawafundisha wewe." Walikuja, wote wanaume, wengine wana diploma kubwa kuliko yangu, na kila mmoja alikoroga.

Sasa nimestaafu, nakaa Kasongo. Juma lililopita sokoni nilisifu tomati za mama mmoja kijana nisiyemjua, nikamuuliza anazilisha nini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha bibi asiyewahi kushika jembe, na karibu kila neno lilikuwa langu. Sikumwambia mimi ni nani. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulifundisha kamwe: "Mimi naloweka pia kigogo cha mugomba, mama. Tomati zinakuwa nzito."

Nilirudi nyumbani nikakata mgomba mmoja. Leo ni siku ya tano unalowa, na asubuhi nimeukoroga.