Simu ya Jumapili ya Verlyn Skogstad

Wanaume wanne walimbeba Verlyn Skogstad pamoja na kiti chake cha magurudumu, wakampandisha jukwaani katika ukumbi wa askari wastaafu wa Halvorsby, Dakota Kaskazini, na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeona ajabu. Verlyn, ambaye miguu yake ilibaki Vietnam, ndiye aliyeisumbua benki, mahakama na makanisa yote ya Kilutheri mpaka yakajenga njia za mteremko kwa walemavu. Ukumbi wa wenzake aliuacha uwe wa mwisho, kwa adabu. Sasa wenzake walikuwa wakimheshimu mahali ambapo asingeweza kushuka mwenyewe.

Yeye hakuwa akiwaza hilo. Alikuwa akimwaza Kirby Maltais.

Kila Jumapili asubuhi Verlyn huwapigia simu askari wastaafu wa wilaya nzima. Huuliza habari za trekta, za theluji, za mbwa. Mtu akimjibu kwa matusi, Verlyn hukata simu akiwa ameridhika kwamba yu hai. Desturi hiyo aliianza baada ya majira mabaya ya baridi, yenye mazishi ya wenzake waliojipiga risasi, jambo ambalo watu walilitaja kwa kunong'ona. Kirby, aliyerudi kutoka Iraki na mlio masikioni usiokoma, hajawahi kukosa kupokea, hata kama ni kusema tu, "Bado nipo, babu, niache." Leo simu iliita weee, kimya. Verlyn akapiga tena garini, akapiga tena chooni.

"Amelala," mkewe Darlene alikuwa amemwambia kabla ya sherehe, akimrekebisha tai.

"Kirby alale? Tangu lini?"

 Darlene akakaza tai kuliko ilivyohitajika.

Meya, Bwana Rolf Engstrand, alishika maikrofoni. Kazi yake ni kuuza matrekta, na alimsifu Verlyn kama mtu anayetaka kumuuza. "Ndugu zangu, huyu si mlemavu! Huyu ni fahali!"

"Fahali wa magurudumu!" mtu alidakia kutoka meza ya kahawa, watu wakaangua kicheko.

Akina mama wakamfunika Verlyn mabegani blanketi la viraka lenye rangi za bendera, walilolishona wenyewe majira yote ya baridi. Chini ya blanketi akabonyeza simu tena. Iliita, ikaita.

"Maskini, mikono haitulii," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Furaha hiyo."

Meya akafungua historia ya maisha ya Verlyn, akianzia kwa babu aliyetoka Norwe.

"Rolf," Verlyn alisema. "Nishusheni."

"Subiri, mzee wangu, hata Vietnam hatujafika."

"Vietnam nilishafika mwenyewe. Nishusheni. Kirby hapokei simu."

Meya akashusha maikrofoni. Wale wanne waliombeba walimshusha mbio hivi kwamba nusura wamwangushe, na alipofika mlangoni Darlene alikuwa tayari amewasha gari.

Pikapu ya Kirby ilikuwa uani kwake. Mbwa alibweka ndani. Mbele ya mlango palikuwa na ngazi, kwa hiyo Verlyn akabaki chini uani, akapaza sauti.

"Kirby! Fungua, ama nitambae kwa tumbo, na nimevaa suti ya kanisani!"

Darlene alishaanza kupanda ngazi mlango ulipofunguka. Kirby alitokea pekupeku, ndevu hovyo.

"Leo si ndiyo sherehe yako, babu?"

"Imeisha. Mbona hupokei simu?"

"Nilijua ni wewe."

Kirby akageuka, akarudi ndani. Mlango ulibaki wazi, na Verlyn akashika magurudumu yake kwa nguvu kana kwamba yangemsaidia kitu. Akasikia kabati likifunguliwa. Darlene naye alisikia, akasimama palepale alipokuwa.

Kirby alitoka na bunduki mbili za kuwindia, kila moja katika mkoba wake, akaja kumlazia mapajani.

"Nishikie hizi mpaka msimu wa kuwinda kulungu."

"Sawa."

Katika wilaya ile mwanamume anayejihofia na silaha ndani humwomba mwenzake hivyo, na anayeombwa hashangai wala hahubiri. Lakini Verlyn hakuondoka.

"Ndizo zote?"

Kirby alitazama barabara, akajikuna shingo.

"Kuna bastola."

"Ilete, mwanangu."

Akaileta. Darlene alizipokea zote, akazifungia nyuma ya gari. Kisha akamtazama Kirby kuanzia nywele hadi nyayo.

"Umekula lini wewe?"

Kirby alifikiri. "Leo siku gani?"

"Ingia garini."

"Sitaki watu, mama."

"Nani amekutajia watu? Ukumbini wana meya wao, atawatosha. Twende kwetu nikukaangie mayai."

"Nivae viatu basi."

Akaingia ndani tena. Darlene akafungua mlango wa gari. Verlyn alibaki uani, macho pale mlangoni, hapepesi, mpaka Kirby alipotoka, viatu mkononi, mbwa akimfuata.