Utani Tulioupeleka Riga

Miguu yangu haikuumbwa kwa ajili ya kutembelea miji ya watu. Nilisoma shule ya serikali huko pwani, nikatoka karani, nikarudi Morogoro, na tangu hapo safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kutoka ofisini hadi mkekani kwangu. Watu wakiniuliza ilikuwaje mimi, mtu wa kukaa nyumbani namna hii, nikafika Riga, huwajibu kweli: nilichelewa kusema hapana.

Daktari wa Kijerumani niliyekuwa nikimwandikia barua zake alizaliwa huko, mji wa zamani kando ya mto mpana, kaskazini kabisa, ambako Mrusi ndiye mtawala na Wajerumani ndio wenye majumba. Alipopata likizo alitaka karani wa kumpangia kitabu chake cha maneno ya Kiswahili, na mpishi wa kumpikia wali. Mpishi alikuwa Mzaramo. Mimi Mluguru. Msomaji wa kwetu keshaelewa kwamba tu watani. Asiyeelewa nimwambie tu kuwa mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kukuzulia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unamrudishia, basi.

Niliondoka na sharti moja. Kwetu mlimani ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeigawa. Alikuwa amenipa kipande cha bondeni, chenye maji mwaka mzima, akaniambia, "Masika haya nitakushikia. Vuli usipoonekana na jembe, nampa mwenye mikono." Mjomba si mtani. Nilimweleza daktari, Bwana wangu, naye akaahidi kunipandisha meli kabla kiangazi chao hakijaisha. Mpishi naye angerudi kwa meli hiyo hiyo.

Basi tukatembezwa. Mji ule umetandikwa mawe barabara zote, kwa nia, nadhani, ya kukomoa wageni waliovaa viatu vya kuazima. Bwana alitangulia na fimbo, akitueleza nyumba hii ilijengwa na nani na ukuta ule ulizuia maadui gani. Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa. Tukapandishwa mnara wa kanisa, ngazi juu ya ngazi, hata nikaacha kuhesabu.

"Mtani, wewe si wa mlimani?" mpishi akaniuliza kwa nyuma. "Mbona unapumua kama ng'ombe wa kuchinjwa?"

"Mlima wetu una adabu, unakuzungusha taratibu. Huu umesimama wima kama mnazi. Pita mbele, hii kazi ya kwenu."

Juu tuliona mapaa mekundu, mto na meli. Bwana alivuta pumzi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mimi nilitazama meli. Chini, sokoni, watu wa mashambani walibeba mizigo, wakisema lugha yao nyingine kabisa. Nikauliza ni kina nani. Bwana akasema, "Hao? Ni watu wa hapa tu." Sikuuliza zaidi. Majibu ya namna hiyo nilishayazoea Morogoro.

Kisha ikaja siku ya milima. Mwezi mzima Bwana alikuwa akituahidi: nje ya mji kuna milima, karani atajiona yuko kwao. Tukapanda treni, tukashuka, tukatembea msituni hadi kwenye gofu la ngome juu ya mto. Nikangoja. Mwishowe nikauliza kwa heshima milima iko wapi.

"Umesimama juu yake," akasema.

Tukakaa kwenye benchi. Bwana akaniuliza kwa upole kama kweli ni lile shamba tu linalonipa haraka hivi ya kurudi, na hapa pazuri. Kabla sijafungua mdomo, mpishi akadakia: "Haraka ya wapi, Bwana? Shamba lake mjomba keshampa mwingine. Anaona aibu kusema."

Nami, kwa ujinga wangu na uchovu, nikarudishia kama ilivyo desturi: "Kweli kabisa, na aliyepewa ni shemeji yake huyu. Ndiyo maana mwaka huu Uluguru mtasikia njaa."

Tulicheka sisi wawili. Bwana hakucheka. Alinigusa bega.

Siku ya nne baada ya hapo akaniita na kuniambia ameniombea kazi ya majira yote ya baridi kwa rafiki yake, mwalimu katika mji mwingine anayetaka kufundishwa Kiswahili, naye ameshaandika barua ya kuifuta nafasi yangu melini. "Maana huna tena cha kukimbilia," akasema, na macho yake yalikuwa ya mtu anayenihurumia kwa dhati.

Nikaeleza ule ulikuwa utani. Akasema nisione aibu. Mpishi akaja, akaapa kwamba alizua. Bwana akamsifu kwa kumtetea mwenzake. Kila tulipomwambia kweli alizidi kutuhurumia, na kila alipozidi kutuhurumia alizidi kututembeza. Nilioneshwa pwani ya baridi, nikaoneshwa bustani, nikaoneshwa mlango ambao mfalme fulani aliwahi kupita. Usiku nililala na viatu, nimeshindwa kuinama kuvivua.

Asubuhi moja, tukimenya viazi jikoni, nikamwambia mpishi, "Mtani, safari hii umepitiliza. Faini."

"Kuku?"

"Kuku atanilimia bondeni?"

Akamaliza kiazi chake. Kisha akafuta mikono, akaingia kwa Bwana, nami nikasimama mlangoni. Akasema, uso mkavu, kwamba yeye ndiye asiyetaka kurudi: kwao hana mtu, mama yake alishakufa, baridi imemkubali, amfundishe huyo mwalimu Kiswahili yeye, na karani apande meli kwa nafasi yake. Bwana akaamini papo hapo.

Mama yake alikuwa hai, Pugu, na mwana alikuwa mmoja. Nililijua hilo. Nikakaa kimya.

Mvua niliiwahi. Bonde ninalo mpaka leo, na sijawahi tena kwenda mbali kuliko Mikese, hapo jirani na Morogoro. Lakini kabla ya kupanda mlimani nilishuka Pugu, nikamkuta yule mama anatwanga. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba mwanawe amebaki Ulaya, mzima, na ameniachia nafasi yake.

Akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikasema Mluguru.

"Aa, mtani," akasema, akacheka, akaweka mchi chini. Akainuka, akanipita, akaenda hadi kwenye kona ya nyumba kumtafuta mwanawe alikojificha.