Mshono wa Mashoto

Katika nyumba ile chumba cha mbele ndicho pekee kilichopata mwanga wa kutosha, kwa hiyo kilipewa shanga. Watu walilala vyumba vya nyuma, kwenye giza. Meza ndefu ilitandikwa blanketi kuukuu ili shanga zisidunde na kutoroka, na juu yake vilipangwa visahani, kila rangi na chake. Waliokaa mezani walishona bangili na vidani vya kupeleka dukani. Asiyekaa mezani alifagia.

Aliyefagia ni Mashoto. Jina hilo alibandikwa na mama mkwe wake mara tu alipoolewa, siku alipoonekana akimenya viazi kwa mkono wa kushoto. Likamganda, hata mumewe akalizoea. Mume alipofariki, lilibaki jina na kikabaki chumba kidogo cha nyuma, na mjane ndani yake. Mtoto hakujaliwa. Wazazi wake walishatangulia. Kila jioni alitambaa chini ya meza kuokota shanga zilizoanguka, akizitenga kwa rangi na kwa ukubwa wa tundu. Vidole vyake vilizijua shanga zote za nyumba ile, ila sindano hakuwahi kupewa.

Ndipo mwana mdogo wa nyumba akaleta habari za uchumba. Wakiwa wanakula, mama mkwe akasema, bila hata kupunguza sauti, kwamba bibi harusi atahitaji chumba na kwamba kuna chumba kimekaliwa na mtu asiye na kazi. Lakini yeye si mtu wa kufukuza watu, alisema. Atamfundisha Mashoto kwa mkono wake mwenyewe. Akiweza kushona bangili ya kukubalika kabla bibi harusi hajaingia, atahamia chumbani kwa wifi yake na kukaa daima. Asipoweza, dunia ni pana.

"Mkono mtupu haulambwi," alimalizia. "Na huo wako wa kushoto, hata ukijaa, sijui nani ataulamba."

Wifi, binti wa nyumba, alicheka, kisha akainamia sahani yake.

Mshono wenyewe waliuita mapengo, na ndio wa kwanza kufundishwa mtu yeyote. Unatunga safu ya shanga. Halafu unachukua shanga moja, unaruka moja ya safu ile, unapitisha sindano katika inayofuata, na hivyo hivyo hadi mwisho. Safu inakuwa kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno: jino, pengo, jino, pengo. Safu inayofuata inaziba mapengo. Mwenye akili ya kawaida na mwalimu wa kawaida huushika kabla chai haijapoa.

Mashoto alipewa mwalimu wa aina nyingine. Mama mkwe alimketisha ubavuni pake na kumwamuru ashone kwa mkono wa kulia. Alipojisahau, alipigwa kofi vidoleni. Alipojisahau tena, yule mama alikata uzi, akaufunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa kiti, kwa utulivu, kama mtu afungaye kifurushi. Mkono wa kulia uliokuwa haujawahi kushika hata kijiko ukachoma kila kitu isipokuwa tundu. Damu ikaingia kwenye kisahani cha shanga nyeupe. Mama mkwe akamtuma akazioshe, moja moja, na aliporudi akamuuliza mbele ya wote, "Hivi mwanangu alikuokota wapi?"

Watu wa mtaa wameniambia nimwonee huruma mama yule, kwamba alikuwa na majonzi ya kufiwa na mwana. Sikubali. Mjane naye alifiwa, na hakumfunga mtu kwenye kiti.

Kwa sababu ya ile damu alihamishwa. Aliambiwa akae upande wa pili wa meza, penye kivuli, asije akachafua kazi za watu. Mkono haukufungwa tena, maana hakuna aliyejali kunyoosha mwili kufika kule. Na hapo, akimtazama mama mkwe uso kwa uso, akaona jambo ambalo ubavuni lisingeonekana: mkono wa kulia wa mwalimu ulikuwa upande mmoja na mkono wake yeye wa kushoto, kama mtu na kioo chake. Akashika sindano kwa kushoto chini ya ukingo wa blanketi, akafuata. Mwalimu akienda, kioo kinaenda. Shanga zikaumana. Jino, pengo, jino.

Kuanzia hapo alijifunza kwa kuiba. Mama mkwe akiinua macho, sindano inahamia mkono wa kulia na kuanza kubabaika. Akiinamisha, inarudi nyumbani.

Wifi aliligundua. Mchana mmoja mama alikuwa ametoka, naye akaja kuinyakua ile bangili ya Mashoto, nyeusi na nyeupe katika mawimbi, akajaribu kuiendeleza. Sindano ikagoma, uzi ulikuwa unatokea upande asiouzoea. Akaipindua bangili juu chini, na uzi ukaja mahali pake. Akashona kidogo, akairudisha.

"Kumbe ni kuigeuza tu," alisema. "Wifi, we fundi. Umetufunika."

Walicheka wote wawili. Mashoto aliniambia kwamba tangu azikwe mumewe hakuwa amesikia kicheko chake mwenyewe.

Siku bibi harusi mtarajiwa alipoletwa kuonyeshwa nyumba, meza ilikuwa imejaa. Bangili ilikuwa imebakiza kushonwa safu za mwisho na kuunganishwa ncha. Mama mkwe alitaka kuiona hivyo hivyo ilivyo. Aliivuta, akaikunja, akaipitishia ukucha kutafuta pengo lisilozibwa. Hakulipata. Akauliza imeshonwa kwa mkono gani.

Mashoto hakudanganya. "Kushoto, Mama."

Yule mama akaitua mezani na kuanza kumweleza mgeni taratibu za chumba, kana kwamba Mashoto hayupo. Hapa kazi si ya mtu mmoja, alisema. Anayechoka anampa mwenzake, mwenzake anaendelea pale pale. Sasa hii, imeshonwa kinyume, nani ataipokea? Mtu mmoja ataharibu meza nzima.

Kila aliyekaa pale alikuwa mshonaji. Kila mmoja alijua bangili hugeuzwa. Wote wakazama katika visahani vyao.

Mashoto akamgeukia binti wa nyumba. "Wifi, waambie. Wewe uliishona."

Wifi alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa umeshapita. Akauchomoa, akaanza upya.

"Mimi sijui," alisema. "Mama ndiye fundi."

Nimewahi kumuuliza Mashoto kama alilia. Hapana, alisema, alikuwa na nguo za kukusanya. Chumba kilitakiwa kifagiliwe kabla mgeni hajakiona, na kwa mazoea alikifagia mwenyewe. Alipopita chumba cha mbele na mfuko wake hakuna aliyesimama. Alikuwa kizingitini akivaa ndala aliposikia sauti ya mama mkwe, laini, sauti ambayo hakuwahi kuipata yeye.

"Haya, mwanangu, sogea hapa kwenye mwanga. Tuanze na kitu chepesi, umalizie hii. Unaigeuza hivi, unaona? Sasa uzi uko upande wako."

Bibi harusi alisema ni nzuri mno, akauliza ameianza nani.

"Wifi yako huyo," mama mkwe akajibu.

Na wifi akapokea sifa.