Spika Nilizozipima kwa Kiganja

Mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, baba alivuka kwenda Zambia kutafuta kazi ya migodini na hakurudi. Hatukupata maiti wala salamu. Darasa la pili nililiacha katikati. Mwalimu alikuja nyumbani kuuliza, mama akamjibu, "Akikaa shule, matuta atalima nani? Wewe?" Mwalimu akapanda baiskeli yake akaondoka. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia na shule yangu ilipoishia. Kusoma nilijifunza baadaye kwenye magunia na kwenye magazeti ya kufungia chumvi. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, anayetaka kucheka mwandiko acheke.

Nilianza kwa kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga ya mtu. Nililala humo humo, juu ya pumba, nikiamka mweupe kama mzimu. Yule mwenye mashine alipozeeka, watoto wake hawakutaka vumbi, nikaichukua mimi. Nikaongeza ya pili. Maisha yangu yote ya utu uzima nimesimama hatua chache kutoka kwenye injini ya dizeli inayonguruma tangu asubuhi. Kuna waliokuwa wanaziba masikio kwa pamba. Niliwacheka. Mtu wa mashine akiziba masikio ni sawa na mpishi kuziba pua.

Mke wangu aliimba kwaya kanisani, sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ya wanawake. Mimi sikwenda kumsikia. Jumapili watu wanaleta mahindi, na tumbo halijui Jumapili. Alikuwa ananiambia, "Siku moja utatamani." Nilimwambia nikitamani nitamwita aniimbie jikoni. Hakuwahi kuniimbia jikoni. Alikuwa na kiburi, na ndiyo maana nilimwoa.

Alifariki mwaka juzi. Kwenye sanduku la vitenge vyake nilikuta kaseti moja. Wanakwaya wenzake walinieleza ina nini: katikati ya wimbo wa pili kwaya nzima inanyamaza na yeye anaimba peke yake, ubeti mmoja, halafu wanaingia wote. Basi nikataka kuusikia huo ubeti. Sikutaka kingine, na yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa ajili hiyo.

Niliiweka kwenye redio ya zamani. Nilisikia wanaume. Ilipofika zamu yake, hakuna kitu. Nikasema redio ndogo. Nikanunua sabufa, hii ya plastiki inayowaka taa kama baa. Wanaume wakazidi kunguruma, yeye hakuna. Nikasema plastiki haina adabu.

Mwanangu alinipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alinivalisha vitu kichwani, akabonyeza mashine yake, kisha akaniinamia na kupaza sauti. "Mzee, masikio yako yamekufa upande wa sauti za juu. Ngurumo utasikia, ndege hutasikia. Tukupe kifaa cha kuvaa sikioni."

"Kijana," nikamwambia, "viatu nilivyovaa vimekuzidi umri."

Nikatoka. Mtu ambaye hajawahi kubeba gunia aniambie mwili wangu umekufa wapi! Nilichohitaji ni spika za kweli.

Nikasikia kuna mzee mmoja huko Kasanga, kule ziwani, aliyekuwa na ukumbi wa dansi enzi zile. Ukumbi ulishaanguka, lakini spika zake alikuwa anaishi nazo chumbani. Zilikuja kwa boti kutoka Zambia, kazi ya Ulaya, mbao tupu, kila moja inanifika kifuani. Nikateremka na Fuso langu na wapagazi. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kiti cha kamba, amebaki mifupa, anakohoa.

"Shikamoo," nikasema, maana alinizidi.

"Marahaba. Umekuja kununua au kugombana?"

"Kununua."

"Basi teremsha sauti. Naumwa kifua mimi, siyo masikio."

Tukaingia. Akawasha amplifaya, akaweka santuri ya dansi. Mimi nikafanya nilichozoea kufanya maisha yangu yote. Mtu wa mashine haulizi injini inasemaje. Anaweka kiganja ubavuni mwake, anasubiri, anajua kama ni nzima au imelegea. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa spika ya kwanza. Ikatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Nikaweka kwenye ya pili. Sawasawa na ya kwanza. Nikageuka.

"Nazichukua."

Yule mzee alikuwa ananitazama. "Unanunua ng'ombe? Zisikilize, bwana. Kaa hapo katikati usikilize. Hizi zilisifika kwa sauti za wanawake. Watu walikuwa wanatoka mpaka Mbala, Zambia, kuja kusikia sauti ya mwanamke kwenye hizi."

"Kiganja changu kinanitosha."

"Kiganja!" Akacheka, kikohozi kikamkata. Tulipatana bei, hiyo ni yetu wawili. Kisha akabadilika. Akanishika mkono wa shati. "Ndugu yangu, niachie hizi mpaka nife. Haitachukua muda, unaniona mwenyewe. Nikifa njoo uchukue, hata mazishi usingoje."

"Gari limeshakuja," nikamwambia.

"Basi niachie moja."

"Moja nitaifanyia nini? Itakuwa kama mtu wa mguu mmoja."

Akalia. Mzee wa umri ule, mbele ya wapagazi. Niliwaambia wapagazi wainue na waangalie kizingiti. Palibaki alama mbili za mraba sakafuni, pasafi kuliko chumba kizima, na yeye akawa anazitazama. Mvua hazijaanza nikasikia amezikwa. Nilipeleka gunia la unga mweupe, wa kukoboa.

Nyumbani kwangu Kizwite, hapa Sumbawanga, nikatoa kitanda kwenye chumba cha marehemu, kile chenye dirisha la barabarani, linalotazama bomba la maji. Nikakifanya chumba cha kusikilizia. Sauti ilikuwa inagonga ukutani na kurudi, nikapanga magunia ya pumba nyuma ya spika na kwenye kona, kama tunavyoyapanga kuzunguka injini majirani wakilalamika. Ikatulia. Kiti kimoja tu katikati. Dirisha nikaliacha wazi, maana nilitaka watu wajue ni nani aliyeweka kitu kama kile Kizwite.

Jioni ya kwanza niliweka kaseti na kukaa. Wimbo wa pili ukaanza. Wanaume wa sauti ya nne walinipiga kifuani mpaka kiti kikatembea. Sijawahi kusikia watu wazito namna ile. Nikasema moyoni, sasa anakuja. Kwaya ikanyamaza. Nikangoja. Kimya, kama mtu amezima umeme. Halafu wanaume wakarudi.

Nikarudisha nyuma. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka kioo cha dirisha kikacheza kwenye fremu. Kimya.

Nikajua nimeibiwa. Kila spika ina vinywa viwili, kikubwa cha chini cha sauti nzito na kidogo cha juu cha sauti nyembamba. Yule mzee wa Kasanga aliniuzia vinywa vya juu vilivyokufa, na machozi yake yalikuwa ya mwizi. Nikamwita fundi wa redio kutoka mjini. Akafungua, akapima, akafunga, akaweka sikio.

"Zinalia, mzee wangu. Zinalia vizuri sana, tena za aina hii hazipatikani."

"Zinalia wapi?"

"Hapa. Huyu mama anaimba."

"Hakuna mama hapo. Umetoa koili ukaweka takataka, nimekuona."

"Mzee, nimekuja na bisibisi. Sikuja na masikio ya kukuazima."

Nilimtupia mfuko wake barabarani, bisibisi zikasambaa kwenye matope. Wanawake wa bombani walimsaidia kuokota, wakawa wananitazama na kusema jambo. Nikawaambia wachote maji waende.

Ndipo alipokuja dada yangu kutoka Muze. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, tumebaki wawili. Alipanda na gunia la mchele, amejifunga blanketi juu ya kitenge kwa sababu watu wa bondeni baridi yetu inawatesa. Akachuchumaa mlangoni kunisalimu kwa makofi, desturi yetu. Nikaona viganja vyake vikigongana. Nikampa kiti kile kimoja, mimi nikasimama.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Nataka shahidi. Nimeuziwa spika mbovu Kasanga na fundi amenidanganya. Utasikia mwenyewe palipo patupu."

"Hii ndiyo sebule yako siku hizi? Pumba tupu. Nikae wapi na funza?"

"Kaa."

Nikawasha. Wanaume wakapita, dada akatikisa kichwa kwa furaha. Kwaya ikanyamaza.

"Umeona?" nikasema. "Hapo. Tupu."

Nikamgeukia. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Midomo yake ikaanza kucheza, anafuata maneno.

"Unafuata nini? Hakuna kitu."

"Nyamaza!" Hakuwa amewahi kuniambia nyamaza. "Wifi huyo. Anaimba huyo, jamani, yupo kama yuko jikoni."

"Wapi?"

"Hapo! Anapanda sasa. Kaka, husikii?"

Nikainama mpaka paji la uso likagusa kitambaa cha spika. Kwenye kiganja sikupata kitu. Kwenye sikio sikupata kitu. Kisha wanaume wakarudi na kunipiga usoni, nikajua amemaliza.

Dada akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, kicheko kibaya kile cha utotoni nilipoanguka kwenye shimo la choo.

"Mashine imekula masikio yako," akasema, na akasema kwa sauti ya kupigia kelele ili nisikie vizuri. "Imekula! Alikuwa anatuambia, yule bwana hatakuja kunisikia mpaka nife. Sasa amekufa na bado husikii. Mungu ana mambo."

"Zima mdomo."

"Sizimi. Unajua wale wanawake wa bombani wanasema nini? Nimepita pale sasa hivi. Wanasema kila jioni wanasogeza ndoo karibu na dirisha lako wamsikie mama akiimba. Mmoja alitaka nikushukuru. Kizwite nzima inamsikia mke wako, kaka. Ni wewe tu ambaye humsikii."

Nilimfanya airudishe kaseti. Nikamwambia akae na anyooshe kidole kila wifi yake anapoanza neno. Akanyoosha. Nikatazama kidole cha mwanamke mzee kikipanda na kushuka mbele ya spika zinazonifika kifuani. Tukafanya hivyo mara kadhaa, mpaka mkono ukamchoka, akasema anataka chai.

Nikatoka nje. Wanawake wawili walikuwa wameketi chini ya dirisha na ndoo zao zilizojaa kitambo. Mmoja, binti tu, akasimama na kusema kitu kwa adabu. Niliona midomo. Nadhani alisema shikamoo, nadhani alisema na jambo jingine zuri.

"Ondokeni," nikawaambia. "Huyo ni mke wangu."

Asubuhi yake nikaita fundi mwashi. Akang'oa fremu, akajenga tofali za kuchoma mahali pa dirisha, akapiga lipu ndani na nje. Dada alisimama na blanketi lake akitazama.

"Una roho mbaya wewe," akasema. "Tangu utoto."

"Ndiyo."

"Wanakukosea nini wale? Wanasikiliza tu."

"Nimebeba magunia mimi. Nimenunua spika mimi. Kama mimi sipati, hakuna anayepata bure."

"Na kifaa cha daktari?"

"Fundi," nikasema, "pale juu umeacha ufa."

Akaziba ufa. Dada akaondoka na basi la mchana, hakunipa mkono, na tangu hapo hajapanda tena Sumbawanga. Mimi jioni naingia, nafunga mlango, naweka kaseti. Wanaume wanakuja. Kisha panakuwa kimya, na mimi nakaa kwenye ule ukimya wake mpaka wanaume warudi. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Na sasa hakuna mwingine anayemsikia.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya tofali za kuchoma Kizwite, bati jipya. Mashine mbili za kusaga na moja ya kukoboa. Fuso moja, gia ya tatu inaruka. Shamba la mahindi na la ulezi. Ng'ombe, wanachungwa na Msukuma mmoja bondeni, mtu mwaminifu. Amplifaya, deki ya kaseti, spika mbili ndefu za mbao. Kaseti moja. Kiti kimoja. Gunia la mchele wa Muze, limebaki nusu. Jenereta, kwa siku za umeme kukatika.