Kitambaa Kilicholala Ndani

Gauni la maua ya kijani liligoma kupita tumboni. Binti alilivuta, akajikunja, akalivuta tena. Mwisho akakaa kwenye kiti cha marehemu shangazi yake, mbele ya cherehani, gauni likiwa mapajani.

Shangazi huyo, Mungu amlaze mahali pema, alishona nguo za wanawake pale barazani maisha yake yote, futi shingoni, pini mdomoni. Hakutia mkasi kwenye kitambaa bila kusema kwanza, "Mkono ni wako, Mungu wangu." Wateja walimpenda, ila hawakuacha kumsema: mbona harudishi mabaki?

"Fundi, kitambaa changu umekila?"

"Nikile kina chumvi? Kimelala humo ndani. Siku yake ikifika kitaamka."

Ndipo wakambandika jina la Mama Pindo. Kila mshono wa ubavuni alikunjia kitambaa cha ziada, hata kwenye gauni la msichana mwembamba kama ufagio.

Mimba ya kwanza ya binti iliharibika. Alipopata hii ya pili, ni shangazi aliyekaa naye ile miezi ya kutapika, akimshikia beseni.

"Vumilia, mwanangu. Ukiingia wa nne utakula mpaka sufuria zikuogope. Miezi ya katikati ndiyo raha yenyewe. Kiuno kitauma kidogo, kiungulia kitakutembelea, utalala kiubavu kama samaki sokoni. Halafu siku moja mtoto atacheza."

"Nitajuaje kama siyo gesi, shangazi?"

"Gesi inapita tu kama mlevi. Mtoto anabisha hodi."

Walicheka mpaka beseni likataka kumwagika. Mwezi wa nne ulipoingia, shangazi hakuwepo tena.

Hamu ya kula ilirudi kama alivyosema, kiungulia nacho kikaja. Mtoto tu ndiye hakuwa amecheza, na mwezi wa tano ulikuwa unayoyoma. Kliniki, mkunga alimsikilizisha moyo wa mtoto unavyopiga, akamwambia wengine huchelewa kidogo kusikia, asiogope. Binti alishukuru. Lakini akifika nyumbani mkono ulirudi tumboni wenyewe, ukasubiri. Hata ile mimba ya kwanza ilikuwa kimya.

Akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua ubavu wa gauni. Mishono ya shangazi ilikuwa midogo, imebanana, haitaki kuachia. Ilipoachia, kitambaa kikafunguka upana wa vidole vinne, kijani chake kimekolea kama siku kilipotoka dukani, wakati upande wa nje ulishapauka kwa jua. Gauni hili alishonewa alipomaliza shule, hana hata mchumba. Kumbe shangazi alishamwekea mtoto nafasi.

Machozi yakamtoka. Akainamia cherehani, tumbo likagusa ukingo wa meza. Hapo, chini ya kitovu, kitu kikagonga.

Akakauka. Kikagonga tena, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Akaangua kicheko. Mama yake akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"We mtoto! Unalia au unacheka?"

"Mama, kuna mtu anabisha hodi."

Mama alimtazama, akatazama tumbo, akaegemea mlango. "Basi mkaribishe," alisema. "Wifi yangu angeshamkaribisha."

Binti akatunga uzi kwenye sindano, akanyoosha kile kitambaa kilichoamka. Kabla ya kukanyaga cherehani, akasema kwa sauti: "Mkono ni wako, Mungu wangu."