Siku Walimu Walipokalia Madawati Yetu

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, baridi ya huku kwetu Ufipa imekaza na upepo unapenya hadi chini ya mlango, walimu wetu wa hisabati walipokaa kwenye madawati yetu wakafanya mtihani, na sisi wanafunzi tukawasimamia. Nimeikumbuka mara nyingi nikacheka peke yangu kama mwehu. Lakini Jumapili ulipokuja kunisalimia hapa Chanji baada ya misa, Anjelina mwanangu, ukaniambia mkuu wako wa shule amekupa kazi ya kuoanisha ufundishaji wa hisabati na stadi za mtihani wa taifa, sikucheka. Shikamoo yako tu ilikuwa imechoka.

Maneno yenyewe makubwa, yanapwaya kama koti la kuazima. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba watoto wamefeli, wazazi wanalalamika, na wewe uliye mgeni kazini ndiye uliyetupiwa mzigo. Ukanieleza ulivyopanga. Mada zinazotoka mara kwa mara kwenye mtihani zipewe muda wote, nyingine ziachwe, na wale watoto wazito wapewe mada chache nyepesi, wapate angalau D ya kuondokea. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, huku unakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, "Mama mkubwa, wale wengine hawasaidiki."

Sikukujibu siku ile kwa sababu wageni walikuwa wengi, na jambo la moyoni halisemwi katikati ya kelele za vikombe. Leo nakujibu. Mwanangu, mimi nilikuwa mmoja wa wasiosaidika.

Unajua sisi ni Wasukuma. Babu yako Masunga alihamia huku na ng'ombe wake kabla mama yako, mdogo wangu, hajazaliwa, akapata malisho upande wa Chala. Nilisoma shule ya kutwa ya hukohuko, msichana mrefu kama mlingoti, madaftari yananuka moshi wa jikoni. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni utabibu. Mama yetu aliwahi kuugua tukakata tamaa, na tabibu mmoja mwanamke wa zahanati akakaa naye hadi akapona. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nataka kuwa nani, nilimjibu kabla hajamaliza swali.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana, ametoka chuoni juzi, suruali imenyooshwa kwa pasi hadi unaogopa kuigusa. Tulimwita Mwalimu Deo. Alitupenda, hilo nasema wazi, ila alipenda usafi wa daftari kuliko alivyotupenda sisi. Na mimi nilikuwa siwezi kufikiri bila kuchora. Ukinipa swali la umbali, nilichora zizi letu pembeni ya karatasi, nikachora mto na josho, na ng'ombe wawili watatu wa kuonyesha njia, ndipo nikaanza kuhesabu. Mwalimu Deo alipita na kalamu nyekundu akaniambia hili ni somo la hisabati, si la kuchora ng'ombe, nifute. Nikawa nafuta. Baada ya muda nikawa sichori tena, na hesabu nazo zikaniacha.

Tulipofika kidato cha nne tukafanya mtihani wa majaribio, tukaanguka kama maembe kwenye upepo. Walimu vijana wakakaa chini na mitihani ya miaka iliyopita, wakahesabu ni mada gani hutoka sana, wakaandika azimio la kazi jipya lililofuata mtihani hatua kwa hatua. Wakatugawa makundi mawili. Sisi wa kundi la pili tukaambiwa pembetatu, vekta na mambo ya dira si yetu tena. Yetu ni seti, takwimu na vingine viwili vitatu vya kubahatishia D.

Usishangae nikikwambia nilifurahi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilikuwa nimechaguliwa jembe jepesi, nikashukuru. Nilifika nyumbani mapema, nikasaidia kukamua, nikamweleza baba habari njema. Baba hakuwahi kukaa darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hayo niliyoondolewa hayahitajiki kwenye utabibu. Sikujua. Kesho yake nikamwuliza mwalimu wa fizikia, naye akanijibu kwa upole kwamba bila pembetatu na kanuni zake nusu ya fizikia itanifungia mlango, na bila fizikia hakuna chuo cha utabibu kitakachonipokea. Jioni ile nililia zizini, na wale ng'ombe niliokatazwa kuwachora wakanizunguka wakinitazama.

Sasa azimio lile lilihitaji kupita mkononi mwa mkuu wa idara, Mwalimu Gaudensia. Alikuwa Mfipa wa Pito, mama mnene mwenye sauti ya chini, amebakiza muda mfupi astaafu. Walimu vijana walimwona wa kizamani. Nasi wanafunzi tulimwogopa, ingawa sikumbuki hata siku moja aliyompiga mtu. Mwalimu Gaudensia hakulikataa azimio. Alisema tu kwamba kabla hajalikubali, walimu wote wa hisabati wafanye mtihani mmoja wa zamani, darasani kwetu, kwa muda uleule wanaopewa watoto, na watoto wa kundi la pili ndio wasimamie. Alisema kama tunataka kuwapeleka watoto mahali, twende kwanza wenyewe tukapaone.

Basi ndiyo asubuhi ile ninayokusimulia. Ungemwona Mwalimu Deo, magoti yamegota kwenye dawati, anahema kama aliyepanda mlima! Wenzake wawili walikuwa nyuma yake. Mwalimu Gaudensia akanishika bega, akaniweka kando ya Mwalimu Deo, akaniambia nisimtazame usoni, nimtazame mkono.

Nikautazama. Maswali ya mwanzo mkono ulikwenda bila kusimama. Halafu ukafika kwenye swali la mtu aliyetembea kilomita tatu kuelekea mashariki, kisha kilomita nne kuelekea kaskazini, na mtihani unauliza yuko umbali gani na pale alipoanzia. Swali lilikuwa la Kiingereza kirefu, mimi nilielewa nusu yake. Mkono wa Mwalimu Deo ukasimama. Kisha ukaenda pembeni ya karatasi, ukachora mstari wa kulala, ukachora mwingine wa kusimama, ukaweka kamshale ka kaskazini, na pale kwenye kona, mwanangu, ukachora kamtu kadogo kenye kofia. Mchoro ule niliuelewa wote. Jibu nililiona kabla yeye hajaliandika.

Mdomo ukanitoroka. "Mwalimu, kumbe na wewe unachora?"

Mwalimu Deo akafunika karatasi kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kuangaliziwa. Mwalimu Gaudensia akaja taratibu, akakiinua kile kiganja, akakatazama kale kamtu kenye kofia kwa muda mrefu. Hakucheka. Akawauliza wote watatu mkono wao ulifanya nini kwanza kwenye swali lile. Wa pili naye alikuwa amechora. Wa tatu alikuwa amekadiria kichwani jibu litakuwa kama ngapi, ili akikosea ajishtukie. Mwalimu Gaudensia akachukua lile azimio jipya, akalifungua ukurasa baada ya ukurasa, akatafuta ni wapi watoto wanafundishwa kuchora swali au kukadiria jibu. Hapakuwa na mahali.

Aliyoyasema hapo nayakumbuka, maana aliyasema polepole, kama anayetwanga kitu asichotaka kimwagike:

"Mmelinganisha majina ya mada na majina ya mada. Mtihani unataka mtoto anayeweza kusoma swali, kulichora, kukadiria, na kurudi kujikagua. Hayo yanaanza kidato cha kwanza, nanyi mnayafukuza ili mpate nafasi ya mtihani. Kwetu Pito tunafukia majani kwenye matuta mwaka huu, mwakani tunayabomoa tunapanda ulezi. Ninyi ulezi mnautaka, tuta hamlitaki."

Kisha akatugeukia sisi wa kundi la pili, akawaambia wenzake tena, bila kupandisha sauti: "Ng'ombe haelemewi na nunduye. Mwalimu anaelemewaje na wanafunzi wake mwenyewe?"

Nilidhani Mwalimu Deo atakasirika, na kwamba hasira hiyo itaniangukia mimi mwenye mdomo. Alisimama, suruali ile ya pasi imekunjamana, akasema mbele ya wote, "Huyu mtoto nilimwambia afute." Halafu akaniangalia. "Milembe, nisamehe. Kuanzia leo chora."

Zamani zile mwalimu hakumwomba mwanafunzi msamaha, mwanangu. Hata leo sijui kama ni wengi. Nampenda Mwalimu Deo mpaka leo kwa neno lile moja.

Makundi yakafutwa. Azimio likaandikwa upya. Mtihani ulibaki pale pale kama mahali pa kufikia, lakini kando ya kila mada waliandika kile ambacho mtoto atakifanya kwa mkono na akili yake, na wapi alipaswa kukijua tangu zamani. Tukarudishwa hadi mambo ya kidato cha kwanza, kupima na kuchora kwa vipimo, ndipo tukapanda tena. Na usidhani nilibebwa mgongoni. Nilitaabika. Pembetatu zilinitoa jasho, kuna siku nilimchukia Mwalimu Gaudensia nikatamani lile jembe langu jepesi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi kiuno kikauma. Sitakudanganya kwamba wote tulifaulu. Wapo wenzangu waliopata F na tuta lao lote. Mimi nilipata C, C ya jasho, nikaionyesha kwa baba akauliza kama hiyo herufi ndiyo ile ya utabibu. Nikamwambia ndiyo. Akaenda zake zizini kwa muda, aliporudi macho yalikuwa mekundu akasingizia moshi.

Na chuoni, hakuna aliyeniuliza tena nilipata herufi gani. Wiki ya kwanza mkufunzi alituuliza mtoto wa kilo saba apewe dawa kiasi gani, kama chupa ina kiasi hiki na maji kiasi hiki. Swali lile halikuwa limetoka kwenye mtihani wowote tuliowahi kuukariri. Niliona wenzangu wenye herufi nzuri kuliko yangu wanaandika na kufuta. Nikachora chupa. Miaka yote niliyofanya kazi nimechora chupa, na watoto wengi wa Ufipa hii, Wafipa kwa Wasukuma, wamepona kwa dawa niliyoipima kwenye michoro yangu mibaya.

Basi nasaha yangu ni hii. Sisemi uudharau mtihani. Mtoto mwenye akili aliyeanguka mtihani hakuna chuo kitakachomfungulia kwa kumhurumia, kwa hiyo uufuate, uujue, uutazame kwa macho makali. Lakini kabla ya Jumatatu chukua mtihani mmoja, kaa chini uufanye mwenyewe, na utazame mkono wako. Kila unaposimama, jiulize nani aliwafundisha watoto kusimama hapo na kufanya ulichofanya. Ukikuta hakuna, hapo ndipo pa kuoanisha, siyo kwenye orodha ya mada. Mwombe na mtoto mmoja akutazame, mchague yule unayemwona mzito kuliko wote. Kuuliza si ujinga, na kutazamwa na mtoto si aibu.

Na jambo la mwisho, ambalo Mwalimu Gaudensia hakulisema, nalisema mimi. Unapotaka kuiondoa mada kwa kundi lile lako la wasiosaidika, usiiondoe kwa kundi. Iondoe kwa jina. Sema kwa sauti, peke yako chumbani: Fulani bin Fulani, hii nimekunyima. Taja na kazi anayoitaka, maana kila mmoja ana anachokitaka, ukimwuliza atakujibu kabla hujamaliza swali. Ukiweza kulitamka jina hilo hadi mwisho bila sauti kukukwama, basi iondoe, mimi sitakulaumu. Ikikukwama, mwanangu, iache mada hiyo mahali pake, umfundishe.

Mungu akupe subira ndefu kuliko kipindi cha hisabati, na sauti isiyokauka. Akupe mkuu wa shule anayesikia. Akujalie uzeeke huku watu wazima wakikusimamisha barabarani wakuamkie, nawe usiwakumbuke majina, wakwambie wao ni wale ambao hukuwakatia tamaa. Nenda, Anjelina, nenda kafundishe wote.