Kijibomba cha Geji ya Joto

Mume wangu alikata kijibomba cha geji ya gari langu Jumamosi moja asubuhi, mimi nikiwa zamu hospitalini Rockville. Alidhani ananisaidia.

Gari lenyewe lilikuwa la jirani yetu hapa Bowie, huku Marekani, mzee Mmarekani aliyefiwa na mkewe. Ujanani alilinunua likiwa kuukuu, akalipunguza paa, akaling'oa vifuniko vya magurudumu ya mbele na kulitia injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Magari ya namna hiyo huitwa hot rod. Lilikaa gerejini kwake miaka mingi bila dashibodi, maana ile ya kwanza aliiuza siku za shida. Alipojua kwamba bintiye atamhamishia kwake, Carolina Kaskazini, alitupa sisi lile gari. Aliomba kitu kimoja tu: kabla hajaondoka, nimzungushe nalo mtaani.

Mume wangu alicheka. Mimi nilikubali palepale. Nimekulia Nakuru, baba yangu alikuwa dereva wa lori, na hadi leo napenda kuona mishale ya dashibodi ikiamka ufunguo unapozungushwa.

Dashibodi niliitengeneza mwenyewe. Nilikata bati la chuma, nikatoboa matundu matano, nikalipiga msasa, nikalipaka rangi nyeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi rahisi. Geji, yaani vile vipimo vyenye mishale, ndizo zilizonitoa jasho. Mzee alishanionya kwamba gari la namna hii halitaki kitu cha kisasa ndani, nami nilitaka zote tano zifanane: uso mweusi, tarakimu nyeupe, kioo kilichobinuka, mshale uliopinda kama mwezi mchanga. Unaagiza ya oili kwa mtu mtandaoni, inakuja na mshale wa rangi ya machungwa. Unapata ya mafuta iliyo safi kabisa, unaifunga, unagundua ni ya umeme wa volti sita na gari lako ni la kumi na mbili. Nyingine ilifika kioo kimepasuka, na muuzaji akasema kilikuwa kizima alipoituma. Kila nikimuuliza mzee dashibodi yake ilikuwaje, alijibu, "Weka unavyoona wewe."

Geji ya joto ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Zile za zamani hazitumii waya. Nyuma yake hutoka kijibomba cha shaba, chembamba kama njiti, chenye kimiminika ndani, na mwisho wake kuna kidole kinachozama kwenye maji ya injini. Maji yakipata moto, kimiminika hutanuka na kuusukuma mshale. Kijibomba kikikatika, kimiminika hupaa na geji hufa. Niliipata nzima, nikaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni, mshale ukapanda vizuri. Nikaiacha juu ya meza gerejini. Kulikuwa kumebaki siku kumi hivi mzee aondoke.

Niliporudi kutoka kazini jioni ile, mume wangu alinisubiri mlangoni akitabasamu. Yeye ni mtu wa Tanga, akikufanyia jambo hupenda ulione upesi.

"Njoo uone, mke wangu. Nimekufungia ile ya mwisho."

Geji zote tano zilikuwa mahali pake. Zilipendeza hata nikasahau miguu ilivyokuwa ikiniuma. Kisha nikachungulia upande wa injini.

"Umeipitisha wapi hii?"

"Kwenye tundu la waya. Kile kichwa cha mwisho kilikuwa kinene, hakipiti. Nikakata, nikapitisha, nikaunga tena. Nimezungusha na tepu vizuri kabisa."

"Umekata?"

"Si waya tu?"

Niliingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu vya kazini. Alikuja akasimama mlangoni.

"Kwani hakuna nyingine?"

"Si ungenipigia simu, jamani! Ungeniuliza tu!"

"Ulikuwa na wagonjwa. Sikutaka kukusumbua."

Jumapili baada ya ibada nilinunua geji mpya ya bei nafuu ili nichukue kijibomba chake nikiunge kwenye ile ya zamani. Kidole chake hulazwa ndani ya barafu na chumvi, kimiminika kisipae wakati unaunga. Mume wangu alishika bakuli. Nililehemu taratibu, pumzi nimeibana. Tulipoijaribu, mshale ulipanda kidogo, ukakwama, haukusogea tena. Ikabidi ninunue nyingine mpya, ya plastiki, niining'inize kwa waya chini ya dashibodi.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na kofia yake nzuri. Aliingia, akaitazama dashibodi kwa muda mrefu.

"Geji yangu ya mwendo ilikuwa katikati," alisema.

"Mzee, nimekuuliza mara ngapi?"

"Nilikuwa nimesahau. Nimekumbuka sasa hivi nilipokaa."

Niliuma meno, nikawasha gari. Kwa muda lilikwenda vizuri, watu wakatupigia honi na kutupungia mikono. Halafu tukakwama kwenye foleni ya taa za barabara kuu. Mtikisiko ulikuwa umeigeuza ile geji ya plastiki, ikawa inatazama sakafu. Nilikuja kujua injini imechemka nilipoona mvuke ukitoka mbele. Niliingia kwenye maegesho ya duka la fanicha, nikazima gari, nikampigia mume wangu simu alete maji.

Alifika na madumu mawili. Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa maegesho, hana wasiwasi wowote. Wakati tukisubiri nilikuwa nimemsimulia kisa cha geji.

"Ni wewe uliyekata kile kijibomba?" alimuuliza.

Mume wangu alinitazama kwanza. "Ndiyo, ni mimi."

"Hata mimi nilikata changu. Kwenye gari hilihili. Mke wangu hakunisemesha wiki nzima."

Wakaangua kicheko wote wawili. Mume wangu alicheka kama mtu aliyefutiwa kesi. Injini ilipopoa nilimimina maji kwenye rejeta kwa hasira, na hakuna aliyeniuliza nataka kusema nini.

Mzee aliondoka Jumatatu. Bado natafuta geji nyingine ya joto. Juzi mtu aliniandikia kwamba anayo, nzima, ya aina ileile. Nikamwomba picha ya upande wa nyuma wa geji. Kijibomba kilikuwa kimekatwa.